Baada ya Kujidhuru: Mazungumzo Ambayo Mgonjwa Hafai Kuondoka Hospitalini Bila Kuyapata

Mgonjwa aliyejidhuru anapofikishwa katika idara ya dharura, kila mtu hukimbilia mwili. Muuguzi anapima presha na mapigo ya moyo, daktari anaagiza maji ya mshipa, jamaa wanazunguka wakiuliza ni wapi pa kulipia. Ni sawa iwe hivyo, kwa kuwa uhai ndio wa kwanza. Tatizo huja saa chache baadaye, au asubuhi ya siku ya pili, wakati mgonjwa ameketi kitandani akinywa uji na waliokesha naye wameanza kupumua. Hapo ndipo husikika maneno haya: "Sasa yuko sawa, twendeni nyumbani." Familia inataka kumtoa kabla majirani hawajajua. Mgonjwa mwenyewe anaona haya. Wadi imejaa na kitanda kinahitajika. Basi anaondoka akiwa amefungwa bandeji na kupewa dawa za siku tano, lakini hakuna aliyemuuliza kilichomfikisha hapo.

Hatua inayorukwa hapo inaitwa tathmini ya kisaikolojia na kijamii. Jina ni refu, lakini jambo lenyewe ni mazungumzo. Mhudumu wa afya aliyefunzwa anaketi na mgonjwa mahali pa faragha, wanazungumza kwa utulivu juu ya kilichotokea, kilichotangulia, hali yake ya moyo sasa hivi, na mambo yanayomsubiri nje ya lango la hospitali. Upande wa kisaikolojia ni ule wa mawazo, hisia na magonjwa ya akili. Upande wa kijamii ni ule wa nyumba, ndoa, kazi, madeni, shamba na shule. Mwishoni, wawili hao wanakubaliana juu ya mpango. Mazungumzo hayo ni sehemu ya matibabu kama yalivyo maji ya mshipa, na mkazi yeyote anayempeleka mtu wake hospitalini baada ya tukio kama hili anaweza kuyaomba.

Kujidhuru hapa kuna maana pana. Wapo waliotaka kufa. Wapo waliojiumiza ili kupunguza maumivu ya moyoni, bila nia ya kufa. Wapo pia, na ni wengi, ambao ukiwauliza walitaka nini watakujibu kwa kweli kwamba hawajui. Walichotaka ni yale mawazo yakome tu. Wote wanastahili tathmini. Kauli ya "huyu alikuwa anatisha watu tu" haina nafasi, hata inapotamkwa na mtu aliyevaa koti jeupe.

Uji ukinyweka, hatari haijaisha

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba zaidi ya watu 720,000 hufa kila mwaka kwa kujitoa uhai, na takriban asilimia 73 ya vifo hivyo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati, kundi ambalo Kenya imo. Kwa vijana wa umri wa miaka 15 hadi 29, hiyo ni sababu ya tatu kwa ukubwa ya vifo. Kwa kila anayekufa kuna wengine wengi zaidi waliojaribu wakaokolewa. Na kati ya mambo yote yanayoonyesha nani yuko hatarini, lenye uzito zaidi ni kwamba mtu huyo aliwahi kujaribu.

Tafiti kutoka nchi mbalimbali zilizokusanywa pamoja na kuchapishwa mwaka wa 2014 zilionyesha kwamba kati ya watu wanaofika hospitalini baada ya kujidhuru, takriban mtu 1 kati ya 6 hurudi tena kwa sababu hiyo hiyo ndani ya mwaka mmoja. Hesabu hiyo ina pande mbili. Wengi hawarudi, kwa hivyo hakuna sababu ya familia kukata tamaa na kumtazama mtu wao kama aliyekwisha kuandikiwa. Lakini 1 kati ya 6 ni wengi kupita kiasi kwa mtu kurudishwa nyumbani na karatasi ya dawa za maumivu peke yake, hasa kwa kuwa wiki za kwanza baada ya kutoka hospitalini ndizo huwa ngumu zaidi. Anarudi kwenye nyumba ile ile, deni lile lile, na sasa kuna na aibu juu yake.

Polisi wana kazi gani kitandani?

Hofu kubwa inayowafanya watu wakimbie hospitali, au wadanganye kuhusu kilichotokea, ni polisi. Hofu hiyo ilikuwa na msingi. Kwa miaka mingi Kifungu cha 226 cha Kanuni za Adhabu kilifanya jaribio la kujitoa uhai kuwa kosa la jinai, na aliyepatikana na hatia angeweza kufungwa hadi miaka 2, kutozwa faini, au vyote viwili. Wapo waliotoka wadini wakapelekwa kituoni.

Tarehe 9 Januari 2025, Mahakama Kuu jijini Nairobi ilibadilisha hali hiyo. Katika kesi ambayo walalamishi wake ni pamoja na Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu na Chama cha Madaktari wa Magonjwa ya Akili nchini, Jaji Lawrence Mugambi aliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Alisema kinawabagua watu kwa misingi ya hali yao ya afya kinyume na Kifungu cha 27 cha Katiba, kinawavunjia heshima ya utu inayolindwa na Kifungu cha 28, na kinawanyima haki ya kiwango cha juu cha afya iliyo katika Kifungu cha 43. Kwa maneno mengine, huyu ni mgonjwa, si mshukiwa.

Kwa sababu hiyo mtu hana haja ya kubuni hadithi ya kuanguka bafuni. Daktari anayeelezwa ukweli anatibu haraka na kwa usahihi zaidi. Polisi wanaweza kuhusika kwa sababu nyingine, kwa mfano mgonjwa akieleza kwamba amekuwa akipigwa au kunajisiwa, na hapo wanahusika ili kumlinda.

Siri nayo ina ulinzi wake. Sheria ya Afya ya mwaka wa 2017 inataka habari za mgonjwa zihifadhiwe kwa siri. Mhudumu hawezi kumweleza chifu, mwajiri au mama mkwe yale aliyoambiwa faraghani. Mipaka ipo, na mhudumu mzuri huitaja mapema: ikiwa uhai wa mgonjwa au wa mtu mwingine uko hatarini, au mtoto anadhulumiwa, wale wanaohitajika kusaidia wataelezwa kile tu kinachohitajika.

Mazungumzo yenyewe

Anayefanya tathmini anaweza kuwa daktari wa magonjwa ya akili, mwanasaikolojia, muuguzi au afisa wa kliniki aliyesomea afya ya akili, au afisa wa ustawi wa jamii wa hospitali. Wataalamu hawa hawatoshi nchini, hilo linajulikana. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani liliandaa mwongozo uitwao mhGAP, unaowafunza wahudumu wa kawaida wa hospitali na vituo vya afya kuuliza maswali haya na kuanzisha msaada, kisha kumpeleka mgonjwa mbele pale inapobidi. Muuguzi wa hospitali ndogo aliyepitia mafunzo hayo na mwenye subira anaweza kufanya kazi nzuri. Kinachoharibu ni haraka. Maswali matano yanayoulizwa kwa sauti kando ya kitanda, shangazi wawili wakisikiliza na mgonjwa wa kitanda cha pili akigeuza shingo, hayo si tathmini.

Wala si lazima isubiri hadi mwili upone kabisa. Mwongozo uliotolewa nchini Uingereza na taasisi ya NICE mwezi wa Septemba 2022, ambao madaktari wa nchi nyingi huusoma, unasema tathmini ifanywe mapema iwezekanavyo, sambamba na matibabu ya mwili, mradi mgonjwa anaweza kuzungumza. Vivyo hivyo kwa aliyefika akiwa amelewa. Asiambiwe "rudi ukishakuwa mtu". La maana ni kama anaelewa na anaweza kueleza, si kipimo cha pombe kinasema nini.

Chukua mfano wa kutungwa, wa kijana wa miaka 24 mwendesha bodaboda. Ameletwa na mwenzake wa stejini usiku. Asubuhi muuguzi wa afya ya akili anamwomba waende kwenye chumba kidogo kilicho karibu na duka la dawa la hospitali.

"Kaka, sijaja kukugombeza, na hiki ninachoandika hakiendi kwa polisi. Nataka kujua wiki hii imekuwaje kwako."

"Sista, niko tu sawa. Nilikosea."

"Sawa. Basi nieleze siku iliyotangulia. Uliamka ukafanya nini?"

Swali hilo la pili linaonekana dogo, ila ndilo hufungua mlango. Mtu asiyeweza kueleza "kwa nini" anaweza kueleza siku yake, saa kwa saa. Polepole habari inatoka. Pikipiki aliichukua kwa mkopo, akakosa kulipa wiki mbili, ikachukuliwa. Ili kuikomboa alikopa kwenye programu za simu, tatu kwa mpigo. Sehemu ya pesa aliiweka kwenye kamari akitarajia kuizidisha. Wakopeshaji wakaanza kuwapigia watu walio kwenye orodha ya simu yake, hadi mwalimu wake wa zamani. Mkewe alichukua mtoto akarudi kwao. Kwa mwezi mzima hajalala usiku zaidi ya saa tatu, hali chakula, na haoni raha hata ya mpira.

Muuguzi anauliza pia yale magumu, na anayauliza waziwazi. Ulitaka kufa? Sasa hivi mawazo hayo yapo? Yanakuja mara ngapi, yanakaa muda gani? Ulipanga au yalikujia ghafla? Umewahi kujaribu awali? Kuna kitu kilikuzuia? Watu wengi wanaogopa kwamba kuuliza hivyo ni kumpa mtu wazo. Sivyo. Mwongozo wa mhGAP unasema wazi kwamba kuuliza kuhusu kujidhuru hakumchochei mtu kujidhuru. Mara nyingi humpunguzia hofu, kwa sababu kwa mara ya kwanza kuna mtu anayeweza kulisikia neno hilo bila kuruka.

Halafu yapo maswali ambayo watu hawayategemei kwenye fomu ya hospitali. Nani anakutegemea? Ukiwa na shida ya saa tisa usiku, unampigia nani? Ni lini mara ya mwisho ulijisikia vizuri, na ulikuwa ukifanya nini? Unasali wapi? Kijana anajibu kwamba anamtegemea nyanya yake, na kwamba chama cha stejini kilimlipia matanga ya babake mwaka uliopita. Majibu hayo si ya kupamba faili. Nyanya na chama vitaingia kwenye mpango.

Sasa tazama kinachotokea mwishoni. Upande wa akili, dalili za msongo mkali wa mawazo zinaonekana: usingizi, hamu ya chakula, kukosa raha, mwezi mzima. Hilo lina matibabu, ya mazungumzo na pengine ya dawa, na anapangiwa siku ya kliniki. Upande wa jamii, afisa wa ustawi anamweleza jambo ambalo hakulijua: kanuni za Benki Kuu ya Kenya za mwaka wa 2022 kuhusu wakopeshaji wa kidijitali zinakataza kuwapigia watu walio kwenye simu ya mdaiwa ili kumwaibisha, na malalamiko yanaweza kupelekwa Benki Kuu au kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data. Deni halifutwi. Ila kuna tofauti kubwa kati ya deni linaloweza kupangiwa malipo na aibu isiyo na mwisho. Angeandikiwa vidonge vya usingizi tu, simu zingeendelea kulia, na angerudi wadini.

Alama kwenye fomu

Kuna hospitali, humu nchini na ng'ambo, zinazotumia fomu za alama: jibu hili pointi 1, lile pointi 2, jumla ikifika kiasi fulani mgonjwa ni wa "hatari kubwa," ikipungua ni wa "hatari ndogo" na anaweza kwenda. Fomu inavutia kwa sababu ni ya haraka na inamlinda aliyeijaza. Lakini haitabiri vizuri. Uchunguzi wa vifo vya wagonjwa nchini Uingereza ulionyesha mara kwa mara kwamba wengi wa waliojitoa uhai walikuwa wamewekwa kwenye kundi la hatari ndogo walipoonwa mara ya mwisho. Mwongozo wa NICE wa 2022 umesema wazi kwamba fomu hizo zisitumiwe kutabiri atakayejidhuru tena, wala kuamua nani apewe huduma na nani arudishwe nyumbani. Swali linalofaa ni hili: mtu huyu anahitaji nini ili awe salama wiki hii? Familia ikiambiwa "amepata alama chache, yuko sawa," ina haki ya kuuliza zaidi.

Karatasi ya kwenda nayo nyumbani

Matokeo ya tathmini nzuri ni mpango wa usalama. Huandikwa kwa maneno ya mgonjwa mwenyewe, Kiswahili au lugha ya nyumbani, kwenye karatasi inayokunjika mfukoni au kwenye simu. Unaanza na ishara zinazomwonyesha kwamba mawazo yanarudi. Kwa kijana yule ni kujifungia chumbani na kuzima simu. Kisha yale anayoweza kufanya mwenyewe kupitisha muda, kama kuoga, kutembea hadi stejini, au kusikiliza redio na nyanya. Kisha watu na mahali pa kwenda bila lazima ya kueleza shida, kisha watu wawili au watatu anaoweza kuwaambia ukweli, nambari zao zikiwa zimeandikwa. Kisha wataalamu: kliniki, nambari ya msaada, hospitali iliyo karibu.

Sehemu ya mwisho ni kuifanya nyumba iwe salama, na hapa familia isione soni. Dawa za shambani, dawa za hospitali zilizobaki na vitu vingine hatari viondolewe, au vifungiwe na ufunguo ukae kwa mtu mwingine, au vihifadhiwe kwa jirani anayeaminika kwa miezi kadhaa. Wengi hudhani kwamba aliyekusudia hazuiliki. Ushahidi unasema vingine. Msukumo mkali huja kama wimbi, ukapanda na kushuka, mara nyingi kwa muda mfupi. Kinachookoa ni kutokuwa na kitu cha hatari karibu wakati wimbi liko juu. Nchini Sri Lanka, serikali ilipopiga marufuku kemikali za shambani zenye sumu kali zaidi, kiwango cha watu kujitoa uhai kilishuka kwa takriban asilimia 70 kati ya 1995 na 2015. Mashamba yaliendelea kulimwa na mavuno hayakuanguka.

Simu ya wiki ya kwanza

Utafiti mmoja unastahili kujulikana na kila msimamizi wa wadi. Shirika la Afya Duniani liliufanya katika idara za dharura nchini Brazili, India, Sri Lanka, Iran na China, kwa watu 1,867 waliokuwa wamejaribu kujitoa uhai, na matokeo yakachapishwa mwaka wa 2008. Nusu yao walipata huduma ya kawaida ya hospitali yao. Nusu nyingine waliongezewa mambo mawili tu: mazungumzo ya takriban saa moja ya kuwaelimisha na kuwasikiliza kabla ya kutoka, na mawasiliano 9 ya kufuatilia, ya simu au ya kutembelewa nyumbani, yaliyoanza wiki ya kwanza na kuisha mwezi wa 18. Baada ya miezi hiyo 18, waliokufa kwa kujitoa uhai katika kundi la huduma ya kawaida walikuwa asilimia 2.2. Katika kundi lililofuatiliwa walikuwa asilimia 0.2.

Hakukuwa na mashine. Aliyepiga simu alikuwa muuguzi, mwanasaikolojia au daktari, na aliuliza hali, akasikiliza, akaelekeza panapohitajika. Nchi zile hazikuwa tajiri. Kwa hesabu ya kaunti, gharama ni muda wa maongezi na daftari lenye tarehe. Mwongozo wa mhGAP unapendekeza mawasiliano ya kila wiki kwa miezi 2 ya kwanza, na baadaye yapungue kadiri hali inavyoimarika. Wahudumu wa afya ya jamii, wale ambao nchi iliwapa vifaa na simu kuanzia Septemba 2023, wanaweza kusaidia katika kutembelea, mgonjwa akikubali. Idhini hiyo ni ya lazima. Mhudumu anayeishi kijiji kimoja na mgonjwa anaweza kuwa msaada mkubwa, au mtu wa mwisho ambaye mgonjwa angetaka ajue.

Sheria ya Afya ya Akili ilivyorekebishwa mwaka wa 2022 inazipa serikali za kaunti jukumu la kutoa huduma za afya ya akili katika ngazi zake. Mkazi anapouliza katika hospitali ya kaunti ndogo nani anafanya tathmini na nani atapiga simu, hajaomba hisani.

Kwa familia iliyo kando ya kitanda

Mhudumu atataka kuzungumza na jamaa pia, kando na kwa ruhusa ya mgonjwa. Wanajua mambo ambayo mgonjwa amesahau au anaficha: ameacha kwenda kazini tangu lini, ameanza kugawa vitu vyake, pombe imezidi. Hayo yasemwe. Yasiyofaa kusemwa mbele ya mgonjwa ni "umetuaibisha," "wenzako wana shida kuliko wewe," au hesabu ya bili. Kuna wazee wanaodhani ukali utamzindua kijana. Katika saa hizo ukali humpa sababu nyingine.

Wengine huona ni kazi ya maombi, au wanashuku amerogwa. Kiongozi wa dini akikaribishwa na mgonjwa ana nafasi yake kando ya kitanda, na mara nyingi jina lake huishia kwenye mpango wa usalama. Asichukue nafasi ya tathmini, wala mgonjwa asitolewe wadini kupelekwa kwenye mkesha kabla ya kuonwa. Na kuonwa na mtaalamu wa akili si kupigwa muhuri wa wazimu. Wengi wanaofanyiwa tathmini hutoka na mpango wa msaada na siku ya kliniki, si na kitanda cha hospitali ya magonjwa ya akili. Wachache hulazwa. Mgonjwa mzima mwenye uwezo wa kuamua anaweza kukataa tathmini; asilazimishwe papo hapo, bali aulizwe tena baada ya saa kadhaa, pengine na mhudumu mwingine. Ikiwa hatari ni kubwa na hawezi kujiamulia, sheria inaruhusu alazwe bila hiari yake, kwa masharti yaliyowekwa.

Watoto na vijana wa shule wana mahitaji yao. Mtoto azungumziwe peke yake kwa muda, na pia pamoja na mzazi au mlezi, kwa sababu huenda shida ni ya bwenini, ya simu, au ya nyumbani kwenyewe. Mama aliyejifungua karibuni aulizwe kuhusu huzuni ya baada ya uzazi. Mzee aliyefiwa au mwenye ugonjwa wa muda mrefu asiambiwe kwamba kukata tamaa ni kawaida ya umri.

Kabla ya kutia saini ya kuondoka, familia iulize: amefanyiwa tathmini na nani? Mpango wake wa usalama uko wapi? Kliniki ni tarehe gani, na nani atapiga simu kabla ya hapo? Mambo yakibadilika usiku, tupige nambari gani? Ikiwa hospitali haina mtu wa kufanya tathmini siku hiyo, iombwe rufaa ya maandishi, na mgonjwa asiachwe peke yake hadi aonwe.

Suala la malipo lisiwe sababu ya kutoroka. Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Huduma za afya ya akili zimo katika mpango wa Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA. Asiyejisajili anaweza kufanya hivyo kwa kubonyeza *147# au katika dawati la SHA hospitalini, na ni huko pia ambako familia itaelezwa kiasi kinacholipiwa.

Anayesumbuliwa na mawazo ya kujidhuru, au anayemhofia mtu wake, anaweza kufika katika idara ya dharura ya hospitali yoyote ya kaunti, mchana au usiku. Msaada wa kuzungumza kwa simu unapatikana kwa Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya kupitia 1199 bila malipo, na kwa Befrienders Kenya kupitia 0722 178 177. Watoto na wanaowatetea wapige 116. Anayehitaji msaada kuhusu pombe au dawa za kulevya apige 1192, laini ya NACADA, na anayedhulumiwa nyumbani apige 1195.